Jembe la Mchoraji ni Lipi?

Tuna methali mbili kuhusu mgeni, na mara nyingi tunazitamka kana kwamba ni moja. Ya kwanza yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukizitazama vizuri, ndugu msomaji, utaona kwamba haziendi njia moja. Katika ile ya kwanza mgeni anakuja na dawa, na mgonjwa ni mwenyeji. Katika ya pili mgeni ni mdomo wa kulishwa, na ukarimu una kikomo chake: leo wali, kesho wali, keshokutwa shambani. Sasa swali langu ni hili: mgeni asiyejua kulima, wala kubeba magunia, wala kubadilisha kwacha, ambaye kazi yake ni kuchovya brashi kwenye kikombe cha maji na kupaka karatasi, huyo apewe jembe gani? Na shamba lake liko wapi?

Siulizi kwa ajili ya kupamba maongezi. Mimi ni mgeni wa namna hiyo. Nimezaliwa Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, na huu ni mwaka wangu wa tatu Tunduma. Mchana naandika vibao vya saluni, vya mabucha na vya maduka ya vipuri kwa rangi ya mafuta. Jioni nachora kwa rangi za maji, kazi ambayo katika mtaa wangu inahesabiwa kuwa mchezo wa watoto wa shule. Siku yangu ya tatu ilikwisha pita kitambo, na jembe nadaiwa.

Kwanza nikueleze mji wenyewe. Tunduma ni mji wa watu wa kuja. Mwenyeji wa asili ni Mnyamwanga, lakini hata yeye mstari wa mpaka ulimkuta nyumbani kwake. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waliandikiana mkataba huko Ulaya, mstari ukapitishwa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta wengine upande huu na wengine upande ule ambao leo unaitwa Nakonde, Zambia. Ikaja barabara kuu, ikaja reli ya TAZARA iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa 1976, na kila kilichokuja kilikuja na watu wake. Mwaka 2016 tukapata mkoa wetu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya. Mwaka 2019 kikazinduliwa kituo cha pamoja cha huduma mpakani. Ukikaa kwenye benchi la muuza kahawa kwa nusu saa utasikia Kinyamwanga, Kinyiha, Kinyakyusa, Kibemba, na Kiswahili cha Lubumbashi ambacho kinatuchekesha, nasi cha kwetu kinawachekesha wao. Hata maarufu kuliko wote katika mkoa huu, kile Kimondo cha Mbozi pale Ndolezi, chuma kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 12, nacho ni cha kuja. Tena hakikupita hata forodhani.

Nayasema haya kwa sababu ya neno moja la Kifaransa. Vijana wenzangu tunaopenda sanaa tumesoma kuhusu mitaa ya wasanii ya Paris, ile wanayoiita ya "bohemia": vyumba vya bei poa, divai, wachoraji wanaokesha, mapenzi yasiyo na ratiba. Tunaona wivu. Tunasema ah, laiti Tunduma ingekuwa na mtaa kama ule. Lakini neno lenyewe lilikuwa na maana nyingine kabisa. Wafaransa wa zamani waliwaita hivyo Waroma, watu wa kuhamahama, wakidhani wametoka Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Czech. Katika karne ya 19 jina hilo wakabandikwa wasanii maskini wa Paris, kwa kuwa nao walionekana kuishi kama wapita njia. Kwa hiyo mtaa wa bohemia, kwa asili ya neno, ni mtaa wa watu wa kuja. Na kinachouzaa mtaa huo si wasanii. Ni kodi ndogo, wageni wengi na usiku mrefu. Vyote vitatu tunavyo hapa, tena kwa wingi. Tunachokosa ni jina tu, na pengine karatasi nzuri.

Niseme kidogo kuhusu karatasi, maana hoja yangu inapita hapo. Rangi ya mafuta inafunika. Ukikosea herufi kwenye kibao cha saluni, unasubiri ikauke, unapaka juu yake, na mteja hajui kitu. Rangi ya maji haifuniki. Tone likishaingia kwenye karatasi limeingia. Halafu haina nyeupe ya kuaminika: nyeupe ni karatasi yenyewe. Ukitaka mwanga juu ya bati, unapaacha mahali pa mwanga bila kupagusa tangu mwanzo. Kwa hiyo unapokaa kuchora, unaanza kwa kuamua utakachokiacha. Manila ya dukani ukiimwagia maji inajikunja kama dagaa wa kukaanga, na karatasi nzito inabidi kuagiza kwa mtu anayekwenda Dar es Salaam. Miezi ya Juni na Julai upepo wetu mkavu unakausha rangi kabla hujaisambaza. Vumbi la malori linatua juu ya mbingu uliyoipaka, na mbingu inakuwa ya Tunduma kweli kweli.

Haya, sasa kisa. Mwenye gesti mmoja mtaani kwetu aliona picha zangu, akaniita ofisini kwake. "Kijana," akasema, "nataka picha kumi na mbili, kila chumba moja. Mlima Kilimanjaro, tembo, na Wamasai wanaruka jua likizama. Elfu ishirini kwa kila moja." Nikapiga hesabu kichwani: laki mbili na arobaini. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi mitatu, elfu arobaini kila mwezi. Nikamwuliza kwa heshima, "Mzee, kwa nini Wamasai, na sisi tuko Tunduma?" Akanijibu bila kusita, "Wageni wangu wanataka kuona Afrika." Wageni wake ni madereva wa malori na matingo wao, kutoka Lusaka, Lubumbashi, Harare na Kahama. Afrika wanaiona kwa kioo cha mbele siku zote za maisha yao.

Nilicheka peke yangu njiani. Lakini nilipofika getini pale pale kwake kicheko kikakatika. Getini alikuwepo mlinzi wa usiku, kijana wa Kimasai, amejifunga shuka, koti zito la baridi juu yake, kofia ya sufi, rungu mapajani, simu sikioni. Mtaani tunamwita Yero kama wanavyoitwa wenzake wote, na wengi hatujajisumbua kumwuliza jina lake la pili. Hajawahi kuruka jua likizama mbele yetu. Jua likizama ndipo anapoingia kazini. Mwenye gesti anampita kila siku. Na bado anataka Wamasai ukutani.

Nilipomsimulia mama mwenye nyumba, sikupata huruma niliyoitarajia. "Mwanangu," akasema, "kwani tembo ukimchora utamwumiza?" Nikamwambia tatizo si tembo. Nikaanza kumweleza habari za ukweli na uongo katika sanaa. Akanisikiliza huku anachambua mchele, kisha akasema neno ambalo limenikalia mpaka leo: "Sawa. Ila hiyo dhamiri yako inalala kwenye chumba changu, na haijalipa kodi."

Wasomaji wapenzi, hapo ndipo swali la maadili lilipo. Wengi wetu tunalijadili jambo hili kwa wepesi. Tunasema msanii wa kweli hauzi roho yake, anayechora kwa ajili ya soko ni mchuuzi, basi, tumemaliza. La hasha, hatujamaliza. Uhuru wa msanii unagharimiwa na mtu. Hata kukataa kwake pesa kuna anayekulipia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama nichore au nisichore, inanipasa niulize: nani analipa ninapochora, na nani analipa ninapokataa?

Tumwangalie Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kuja mashuhuri kuliko wote katika uchoraji wetu. Alizaliwa mwaka 1932 huko wilaya ya Tunduru, akaenda kutafuta maisha kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaingia Dar es Salaam na kufanya kazi za nyumbani kwa wazungu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora. Hakuwa na karatasi ya Ulaya wala rangi za mirija. Alichukua ubao wa silingibodi na rangi ya kupakia baiskeli, akachora wanyama na ndege, na picha zake zikauzwa pale Oyster Bay kwenye duka la Morogoro Stores, ambako wanunuzi wengi walikuwa wageni kutoka nje waliokaa maeneo hayo. Nani aliyelipa? Mnunuzi mgeni. Na wapo wanaomlaumu kwa hilo, wakisema alichora Afrika ya kuwauzia wazungu.

Mimi simlaumu, na nitasema sababu. Mnunuzi alitaka chui, naye akampa chui. Lakini ukimtazama yule chui, madoa yake na macho yake, hutamwona mnunuzi pale. Unamwona mtu aliyekaa na kubuni. Alipokea jembe la mwenye shamba, akalima tuta la kwake. Isitoshe, alichopata hakukila peke yake: aliwafundisha vijana wa ukoo wake na marafiki, na baada ya miaka mingi, mwaka 1990, wachoraji waliofuata njia yake wakawa na chama cha ushirika chenye jina lake. Yeye mwenyewe hakuyaona hayo. Mwaka 1972, usiku, akiwa ndani ya gari, alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu anayekimbia, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu. Nikilifikiria jambo hilo nasikia baridi. Picha zake zilikuwa zimetundikwa sebuleni kwa watu wakubwa wa mji, lakini usiku ule barabarani alikuwa mtu yeyote tu. Mji ulikuwa umeinunua kazi yake bila kumjua mwenyewe sura.

Sasa tugeuze shilingi upande wa pili. Yuko mchoraji mwingine wa kuja, huyu wa rangi za maji hasa: Joy Adamson. Wengi wanamjua kwa habari za simba jike Elsa na kitabu chake cha mwaka 1960. Lakini kabla ya simba alikuwa mchoraji. Alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau uliokuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Leo unaitwa Opava na uko Jamhuri ya Czech, nchi ile ile yenye Bohemia. Alifika Kenya mwaka 1937. Alianza na maua na mimea ya porini, akiichora kwa uangalifu ambao hata mtaalamu wa mimea anautegemea. Halafu, mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuwachora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi kabla hayajapotea. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa, akachora mamia ya picha, na nyingi zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Nairobi.

Nani aliyelipa safari hii? Serikali. Na aliyechorwa alilipa pia, kwa kukaa kimya juani saa nyingi huku akitazamwa. Kila ushanga katika picha zile umewekwa pake, kila kovu, kila manyoya ya kofia. Kama uongo ni kuchora kisichokuwepo, basi hakuna uongo pale. Lakini kazi ile ilifanyika katika miaka ambayo watu wale wale walikuwa wakigombania ardhi yao, na mwaka 1952 serikali ile ile iliyoagiza picha ikatangaza hali ya hatari na kujaza watu makambini. Hayo hukutani nayo katika picha zile. Mwenye kulipa alitaka mavazi, akapewa mavazi. Kila ushanga ni wa kweli, na bado picha nzima ya nchi ile haijatimia.

Lakini ngoja kwanza, tusihukumu haraka. Leo mjukuu wa mzee aliyechorwa anaweza kwenda Nairobi, akasimama mbele ya picha na kujifunza jinsi babu zake walivyojipamba. Pengine asingepata kujua kwa njia nyingine. Mgeni yule aliona kitu ambacho wenyeji wengi wa siku zile walikuwa wanakiacha. Hapo ile methali ya kwanza imetimia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Dawa imo na ubaya umo, katika karatasi moja. Nani atawatenganisha?

Kuna njia ya tatu, ya mgeni asiyechora alichoagizwa wala hao anaoishi nao, bali anachora alikotoka. Jak Katarikawe alitoka Kigezi, Uganda. Alikuwa dereva kabla ya kuwa mchoraji, akahamia Nairobi na kuishi huko mpaka alipofariki mwaka 2018. Ndani ya jiji lile la matatu na maghorofa alichora ng'ombe: ng'ombe wa rangi zisizokuwepo duniani, ng'ombe wenye mapenzi na masikitiko kama watu. Baadhi ya waandishi walimwita Chagall wa Afrika. Ulinganisho huo huwa unaniudhi, maana kila Mwafrika lazima awe fulani wa Afrika. Lakini kwa jambo moja unafaa. Marc Chagall naye alikuwa mtu wa kuja. Alitoka Vitebsk, ambayo leo iko Belarus, akafika Paris kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na katikati ya jiji la taa akachora kijiji chake na mifugo yake.

Na alikaa wapi huko Paris? Alikaa La Ruche, maana yake mzinga wa nyuki, nyumba ya vyumba vidogo vya wasanii iliyoanzishwa mwaka 1902 na mchongaji Alfred Boucher. Mzee huyo alitoza kodi ndogo, na hakuwa mkali kwa walioshindwa kulipa. Tunapousifu mtaa wa bohemia tunayasifu majina ya wachoraji. Sijawahi kusikia kijana akitamani kuwa Boucher. Lakini bila mwenye nyumba mvumilivu, ng'ombe wa Chagall angechorwa wapi? Kila bohemia ina mama mwenye nyumba wake, na historia ikiandikwa yeye anabaki nje ya fremu.

Namtaja na Elimo Njau, Mchaga aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, akasoma Makerere, kisha akawa mtu wa kuja Nairobi. Huyu alielewa jambo la kodi. Mwaka 1965 yeye na wenzake walianzisha Paa ya Paa, yaani yule mnyama paa sasa apae, mahali pa wasanii kuonyesha kazi zao, kukutana na kubishana. Moto uliteketeza mengi pale mwaka 1997, na hata hivyo Paa ya Paa iliendelea. Alikuwa akiwahimiza wachoraji wasiigize, akisema kuigiza kunamlaza Mungu usingizi. Ninapomfikiria mwenye gesti na Wamasai wake wa kuruka, neno hilo linanirudia. Wale hawakuwa Wamasai aliowaona yeye. Walikuwa picha ya picha ya picha, iliyotoka kwenye kadi za watalii, ikapitia vinyago vya kuuzia Arusha, mpaka ikafika kwetu mpakani imechoka.

Basi nilirudi kwa mwenye gesti na nikamwambia hivi: mzee, tembo nitachora, Kilimanjaro nitachora, maana mlima haujali nikikosea. Lakini Wamasai wa kuruka siwajui. Nikubalie badala yake nimchore huyu kijana wako wa getini, alivyo, na koti lake. Akanitazama kama niliyemtukana. "Mlinzi nimtundike chumbani? Mgeni alale anaangaliwa na mlinzi?" Kisha akasema zote au basi. Ikawa basi. Sasa vyumba vyake vina picha za kuchapwa kiwandani: maporomoko ya maji ya nchi nisiyoijua, na farasi wawili.

Usidhani nasimulia ili unipigie makofi. Aliyelipa ujasiri wangu ni mama mwenye nyumba, na hakuulizwa. Aliponisikia alikaa kimya kidogo, halafu akanipa jembe kama methali inavyotaka: ndoo mbili za chokaa, brashi pana, na vyumba vinne vya uani vipakwe ndani na nje. Nilipaka kwa siku tano. Deni la mwezi mmoja likafutwa. Miezi miwili iliyobaki nikaimaliza kwa vibao vya saluni, pole pole. Na niseme ukweli, chokaa ile iliutuliza moyo wangu kuliko hotuba zote nilizowahi kujihutubia. Nilikuwa nimemjua mlipaji wangu, na nilikuwa namlipa.

Hata hivyo kulikuwa na mlipaji mwingine ambaye sikuwa nimemfikiria. Nilimfuata Yero lindoni usiku mmoja, nikamwomba nimchore kwa ajili yangu mwenyewe. Akauliza, "Rafiki, mimi nitapata nini?" Swali jepesi, na sina hakika kama wale wazee wa Kenya walipata nafasi ya kuliuliza. Nikamwambia sina pesa. Akawaza, akasema basi nimchore, ila picha iwe yake, kuna mtu wa kwao anapanda basi kwenda Simanjiro, ataipeleka kwa mama yake. Akaweka na sharti: simu ionekane. Nikauliza kwa nini simu. "Ili mama ajue kwamba akipiga nitapokea."

Nilikaa naye usiku tatu chini ya taa ya geti. Koti lilinishinda usiku wa kwanza: mweusi katika rangi ya maji ukizidisha unakufa. Uso wake niliuacha na karatasi nyingi wazi, maana taa ilikuwa inampiga upande mmoja. Tulizungumza. Nilijua jina lake, ambalo silitoi hapa kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Picha ile ndiyo bora kuliko zote nilizochora Tunduma, na siwezi kukuonyesha. Iko Simanjiro, katika nyumba ambayo sitaiona.

Sasa naweza kujaribu kujibu swali langu. Mama mwenye nyumba aliuliza kama tembo ataumia nikimchora. Hapana, tembo haumii. Mnyama na mlima vinaweza kuwa pambo, na mtu akitaka pambo nitamwuzia bila kuona haya, kama Tingatinga alivyouza chui wake, mradi mkono uwe wangu. Mtu ndiye anayeweza kuumia. Ukimfanya mtu pambo bila kukaa naye, unamfundisha kila anayeitazama picha ile ampite mwenye sura ile getini bila kumwona. Yule bosi hakuzaliwa kipofu. Amefundishwa na picha. Na picha hizo tunazichora sisi.

Kwa hiyo jembe la mchoraji mgeni naliona kuwa ni hili: kuwatazama wale wanaolipia kukaa kwake. Mwenye nyumba anayevumilia, mlinzi anayekulindia usiku, mama ntilie anayekuandika kwenye daftari la madeni. Si kwamba achore hao tu. Katarikawe alikuwa na haki na ng'ombe wake, nami siku moja nitaichora Mbamba Bay yangu. Bali asichore kana kwamba hao hawapo, na asikatae pesa kana kwamba wanaoibeba gharama ni hewa. Hili haliwahusu wachoraji peke yao. Wewe unayeandika hadithi ya kijiji ukiwa umekaa Mwenge, wewe unayetunga shairi la mkulima ambaye hujamsalimia, nawe una mtu anayekulipia, na kuna mtu anayekaa kimya ili wewe umwandike.

Najua kuna mwenzangu atabisha. Atasema sanaa ikianza kuulizia kodi itageuka daftari la duka. Atasema Yero aliipata picha, mimi sikubaki na kitu, na msanii asiyebaki na kitu hafiki mbali. Hoja hiyo ina uzito, tena mwisho wa mwezi ndio huzidi kuwa nzito. Sina jibu la kuimaliza. Nina hili tu: baada ya picha ile kuondoka, kijana yule alianza kunisalimia kwa jina, nami kwa lake. Katika mji huu ambao kila mtu ni wa kuja, sikuwa nimewahi kusalimiwa kwa jina na mtu nisiyemdai wala kumdai. Anayeona hilo si malipo, na alete hesabu yake tuijadili.